Njia Fupi ya Mawe Jangwani: Mwongozo Kamili wa Kupanda Kileleni na Kushukia Upande wa Pili

Kilomita sita si kitu. Ndivyo wasemavyo wengi wakiitazama njia ya mzunguko kwenye ramani. Wengi wao hao saa sita mchana huwa wamejikunyata chini ya jabali, chupa tupu mkononi, wakitafuta njia ya kushukia ambayo waliipita nusu saa iliyotangulia.

Njia ya mawe jangwani haipimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa saa, kwa jua na kwa lita za maji. Ikiwa ni ya mzunguko, huwa na mtego mmoja zaidi: ukishavuka kilele, kila hatua inakupeleka usikokujua, tayari umechoka, joto limepanda na maji yamepungua. Njia ya kwenda na kurudi hukusamehe, maana ulikopita unakufahamu. Mzunguko hausamehi.

Mwongozo huu ni wa njia za kilomita 5 hadi 8, zenye kupanda mita 250 hadi 500 kwa jumla, ambazo hapa na pale mtu hutumia mikono kukwea bila kuhitaji kamba. Kwenye hesabu tutatumia njia ya mfano: kilomita 6, kupanda mita 350.

## Vitu vya kuandaa

Maji, lita 3 kwa mtu mzima. Yagawe kwenye vyombo viwili au vitatu, ili kimoja kikipasuka juu ya jiwe usibaki mkavu. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri kwa kuwa unakunywa ukitembea, ila haukuonyeshi kiasi kilichobaki. Kwa hiyo nusu lita ya mwisho iwe kwenye chupa ngumu, chini kabisa ya begi. Hiyo haiguswi mpaka umeshuka mlima.

Chumvi. Karanga au biskuti za chumvi zinatosha, pamoja na pakiti moja ya chumvi za kuongeza maji mwilini. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Pima kwa makini. Chumvi ikizidi inadhuru.

Viatu. Soli iwe ya mpira laini wenye meno ambayo bado yapo. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba kwa joto na husukumwa mbele wakati wa kushuka. Viatu vipya visivyowahi kutembea walau kilomita 20 viache nyumbani. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla: ukizikata asubuhi ileile huchoma, na zikibaki ndefu huwa nyeusi.

Soksi za sufu nyembamba au za nyuzi za kiwandani, pea mbili. Shati la pamba halina ubaya kwenye jangwa la mchana, kwa kuwa likilowa jasho linakupoza. Soksi za pamba ni habari nyingine: zikilowa hubaki zimelowa, na malengelenge hayachelewi.

Kofia yenye ukingo pande zote, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, miwani ya jua na losheni ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Jipake pia chini ya kidevu na chini ya pua. Mchanga hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale inayounguza ngozi, na huko kofia haifiki.

Taa ya kichwani, hata kama unatarajia kurudi saa tatu asubuhi. Taa ya simu haifai: inashika mkono mmoja na inakula betri ya kitu pekee kinachoweza kuita msaada.

Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla, na pawabenki ndogo. Filimbi. Kioo kidogo. Jaketi jepesi la upepo. Glavu nyembamba za kazi, maana mwamba wa graniti huchuna viganja kama msasa.

Huduma ya kwanza: plasta ya utepe, bandeji ya kunyumbuka yenye upana wa sentimita 10, kibano na kitana cha kawaida. Kitana si cha nywele. Kipande cha mmea wa miiba kikinasa mguuni, unakipitisha kitana kati yake na ngozi, unakirusha mbali, kisha unamalizia miiba iliyobaki kwa kibano. Ukitumia vidole, utakuwa na miiba mahali pawili.

Fimbo za kutembelea ni hiari. Ukizibeba ziwe za kukunja, kwa sababu kwenye miamba ya kukwea zinageuka kuwa mzigo wa hatari.

## Hesabu ya saa na maji

Kanuni aliyoiweka mpanda milima Naismith mwaka 1892 bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za tambarare, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ya mfano inatoa dakika 72 na dakika 35, jumla kama saa moja na dakika 47.

Usiiamini hiyo. Ni mwendo wa mtu mkakamavu kwenye njia laini. Kwa mawe, zidisha kwa moja na nusu. Kwa anayeanza, zidisha kwa mbili. Unapata kati ya saa mbili na dakika 40 na saa tatu na nusu. Ongeza nusu saa ya kupumzika. Basi panga saa nne, na kikundi kihesabiwe kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kamba hukatikia pembamba.

Maji ni nusu lita kwa saa kukiwa na ubaridi, hadi lita moja kwa saa jua likiwa kali na njia ikipanda. Saa nne zinazoanza alfajiri huhitaji kama lita mbili na nusu, na nusu lita ya akiba. Usivuke lita moja na nusu kwa saa hata ukiwa na kiu kali. Maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu, na dalili zake (kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa) zinafanana sana na za joto, mtu akadhani anahitaji maji zaidi.

## Hatua ya 1: Maliza maamuzi jioni

Angalia utabiri wa hali ya hewa wa eneo lote linalomwaga maji kwenye makorongo ya njia yako, si wa kilele peke yake. Mvua ikinyesha kilomita nyingi juu huko, mafuriko hushuka kwenye korongo kavu huku kwako mbingu ni nyeupe. Joto la mchana likitabiriwa kuvuka nyuzi 38, safari ahirisha, au hakikisha uko chini kabla jua halijapanda.

Pakua ramani, uifungue ukiwa umezima intaneti. Wengi hugundua kwenye mawe kwamba walichohifadhi ni picha ya kijiji cha jirani. GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao, lakini ramani yenyewe lazima iwe ndani ya simu.

Weka alama nne kwenye ramani: mahali pa kuanzia, kila njia panda, kilele, na *mahali njia ya kushuka inapoachana na kilele*. Hiyo ya nne ndiyo wasioiweka.

Mwachie mtu ujumbe wenye jina la njia, upande utakaopandia, saa ya kurudi, na saa ya hatari, yaani saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu kwa waokoaji. Tofauti ya saa mbili hadi tatu inatosha. "Nitakujulisha nikirudi" si ujumbe.

## Hatua ya 2: Chagua upande wa kupandia

Panda upande mkali, shuka upande mpole. Ukikwea, macho yako yako karibu na mwamba, unaona pa kushika na pa kukanyaga, na mguu ukiteleza unaanguka mbele, karibu. Ukishuka palepale, macho yako juu sana ya miguu, uzito unakusukuma bondeni, na changarawe juu ya mwamba bapa inakuwa kama golori.

Jua nalo lina sauti. Ubavu wa magharibi hubaki kivulini saa za mwanzo za asubuhi, wa mashariki huanza kuoka jua linapochomoza. Upande mkali ukiwa ndio wa magharibi, umebahatika. Mambo mawili yakigongana, anayeanza afuate sheria ya ukali wa mwamba, kisha aushinde mchezo wa jua kwa kuanza mapema zaidi.

Kama kibao cha mwanzo wa njia kinaelekeza upande wa kwenda, kifuate bila ubishi. Huenda kuna sehemu ambayo wawili hawapishani.

## Hatua ya 3: Anza na mwanga wa kwanza

Fika gizani, uanze mwanga ukitosha kuona alama ya pili ya njia (rundo la mawe au rangi) ukiwa umesimama kwenye ya kwanza. Mita 500 za mwanzo ndizo zinazopoteza watu kuliko inavyodhaniwa. Karibu na maegesho nyayo huenda kila upande: za wapiga picha, za watoto, za waliokwenda kujisaidia. Ukizifuata gizani kwa taa, umeanza safari kwenye njia ya mtu mwingine.

Fungua kamba za viatu na uzifunge upya: legevu kidogo juu ya vidole, zikaze kwenye kifundo. Kunywa glasi mbili za maji kabla ya kuondoka. Hayo hayabebwi mgongoni.

Dakika ishirini za mwanzo mwendo uwe wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama hapohapo, vua kiatu, bandika plasta ya utepe juu ya ngozi kavu. "Nitaangalia tukifika juu" ndiyo sentensi inayozaa malengelenge.

## Hatua ya 4: Vuka korongo kavu bila kulifuata

Karibu kila njia ya jangwani hukata korongo moja au mawili ya mchanga. Korongo linafanana na njia kuliko njia yenyewe: pana, laini, limenyooka, lina nyayo. Mtu huingia, hugeuka nalo, na baada ya dakika kumi yuko kwenye kuta za mawe anajiuliza alama zimekwenda wapi.

Kabla hujatia mguu mchangani, simama ukingoni na utafute pa kutokea ng'ambo. Mara nyingi ni rundo la mawe, alama ya rangi, au ngazi iliyolika kwenye ukingo. Ukipaona, vuka moja kwa moja kuelekea hapo. Usipopaona, hujafika kwenye kivuko bado, au umekipita.

Mstari wa mawe madogo au matawi yaliyolazwa kukata njia maana yake ni "si huku". Na udongo mweusi wenye vinundu vinundu kando ya njia si uchafu: ni ganda hai la viumbe wadogo linaloshikilia mchanga usipeperuke, na unyayo mmoja unaweza kudumu humo miaka mingi. Kanyaga mwamba, mchanga wa korongo au njia yenyewe.

Kila baada ya njia panda, geuka utazame nyuma na upige picha. Njia ikitazamwa kwa kurudi ni njia nyingine kabisa.

## Hatua ya 5: Kwea miamba

Hapa ndipo mwili unapofanya kazi, na ndipo makosa madogo yana bei kubwa. Kunja fimbo, zifunge begini, kaza mikanda ya begi lisiyumbe.

Alama kwa alama. Kwenye mwamba hakuna nyayo. Simama kwenye rundo la mawe hadi ulione linalofuata, ndipo uondoke. Ukitembea dakika tano bila kuona alama, rudi hadi ya mwisho uliyoiona kwa hakika. Usikate kona ukitumaini kuikuta mbele. Wakiwa wawili, mmoja abaki kwenye alama, mwingine atafute.

Simama wima kwenye mwamba bapa. Hofu humwambia mtu aulalie mwamba, mikono mbele, makalio nyuma. Afanyapo hivyo, uzito hutoka kwenye nyayo na soli husukumwa nje. Anateleza kwa sababu anaogopa kuteleza. Fanya kinyume: kifua juu, magoti yamelegea kidogo, uzito wote juu ya nyayo, kisigino chini ili mpira mwingi uguse mwamba. Hatua ziwe fupi. Ukisikia mkwaruzo wa changarawe chini ya soli, usikaze. Futa changarawe kwa ncha ya kiatu, kisha ukanyage upya.

Viungo vitatu mwambani. Kwenye kukwea, kati ya mikono miwili na miguu miwili, kimoja tu ndicho kisogee. Mikono ni ya kusawazisha, miguu ndiyo ipandishe. Mapaja yana nguvu, vidole havina.

Jaribu kabla ya kuamini. Kabla ya kujivuta kwa jiwe, ligonge kwa kiganja na ulisukume. Sauti ya mtungi mtupu maana yake limeachana na mwamba. Rangi nayo husema: mawe ya jangwani yaliyotulia muda mrefu sana hupata utando mweusi au wa kahawia upande wa juu. Jiwe jeupe au lenye udongo mbichi ubavuni, lililozungukwa na wenzake weusi, limeviringika hivi karibuni na litaviringika tena.

Mkono usitangulie jicho. Nyoka na nge hupenda nyufa zenye kivuli na vipandio vyenye uvuguvugu wa asubuhi. Usitie vidole usipopaona, wala usikae juu ya jiwe kabla ya kuangalia chini yake.

Mwamba wa mchanga ukilowa, ahirisha. Aina hiyo ya mwamba hupoteza nguvu ikinyonya maji, na kishikio kilichombeba mtu jana kinaweza kumegeka leo. Graniti iliyolowa haimegeki, lakini huteleza.

Mkiwa kundi, msipandane moja kwa moja juu chini. Jiwe likichomoka, mtu apige kelele "Jiwe!" hata kama haoni mtu chini.

Na moja ya kuandikwa kwa wino mzito: usikwee mahali usipoweza kushuka. Njia halali ya mzunguko wa aina hii haina mahali panapohitaji ujasiri wa kurukia. Ukijikuta unahesabu "moja, mbili, tatu", umeiacha njia.

Utajua unakwenda vizuri ikiwa pumzi inarudi kawaida ndani ya dakika mbili za kusimama, jasho linatoka, na mkojo una rangi ya maji ya limau. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa.

## Hatua ya 6: Kilele cha uongo na uamuzi

Milima mingi ya mawe ina kilele kinachoonekana kutoka chini, kisha nyuma yake kingine kirefu zaidi. Mtu hutumia nguvu zake za mwisho na maji ya mwisho kwa ajili ya kile cha kwanza. Soma mistari ya mwinuko kwenye ramani mapema ujue kama kipo. Kikiwapo, hapo ndipo mahali pazuri pa kuamua, kwa kuwa bado uko upande unaoujua.

Jiulize mambo matatu, na ujibu kwa namba:

1. Maji yaliyobaki yanazidi nusu?
2. Saa zilizotumika ni chini ya nusu ya mpango, au zimeizidi kwa dakika chache tu?
3. Kila mmoja anaweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, akaeleza kwa sentensi kamili njia inakokwenda?

Jibu moja likiwa hapana, rudini mlikotoka. Swali la tatu linachekesha hadi siku linapomkamata mtu. Anayeyumba au anayejibu ovyo ameanza kuzidiwa na joto, na huyo hapelekwi kwenye nusu ya njia asiyoijua.

## Hatua ya 7: Kileleni, dakika ishirini

Kabla ya picha, kabla ya kukaa, tafuta alama ya njia ya kushukia. Kilele hukanyagwa kila upande, hivyo nyayo hazisemi kitu, na kila mgongo wa mlima unaoshuka unaonekana kama njia. Ukishaipata alama na kuilinganisha na simu, laza begi chini, mfuniko wake ukielekea huko. Nusu saa baadaye, umeshapiga picha na kuzunguka mara tatu, begi bado litakuwa linakumbuka.

Vaa jaketi mara moja. Shati lililolowa na upepo wa juu hukupoza haraka, na misuli iliyopoa hushuka vibaya. Kula kitu chenye chumvi. Badilisha soksi zikiwa zimelowa.

Kaa walau mita mbili kutoka ukingoni. Anayepiga picha asitembee kinyumenyume, na anayepigwa asiambiwe "rudi kidogo".

Ukiona mawingu yanavimba kwenda juu kama mnara, ondoka. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ulipaswa kuwa umeshaanza kushuka. Usijifiche chini ya mti mmoja wala kwenye pango la kina kifupi, na usirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

## Hatua ya 8: Shuka taratibu kuliko unavyotaka

Kaza kamba za viatu, hasa kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele. Fimbo ziongeze urefu sentimita 5 hadi 10.

Mwili hutaka kuegemea nyuma. Ukiukubalia, kisigino kinatangulia na kuteleza, unakaa chini kwa nguvu, viganja nyuma, na kiwiko kinalipa. Pua iwe juu ya vidole vya miguu, magoti yamekunjwa, hatua fupi, unyayo mzima utue.

Kipandio kirefu kuliko goti hakirukwi. Mtaka cha mvunguni huinama: kaa, weka viganja pembeni, teremsha miguu hadi iguse. Kikiwa kirefu kuliko kiuno, geuka uso kwa mwamba ushuke kama kwenye ngazi.

Mawe legelege ya mteremkoni msiyapite mkiwa mmepangana wima. Piteni mmojammoja, wengine wakisubiri pembeni.

Simama dakika mbili kila baada ya nusu saa hata kama hujachoka. Mapaja yakianza kutetemeka ukisimama tu, pumzika dakika kumi. Kutetemeka huko ndiko kunakotangulia kuteguka kifundo.

## Hatua ya 9: Tambarare ya mwisho

Hapa ndipo watu huanguka, na hawaamini. Mlima umeisha, gari linaonekana, imebaki kilomita moja na nusu. Lakini ni bondeni, hakuna upepo, hakuna kivuli, na ardhi iliyochomwa na jua huweza kuvuka nyuzi 60 ilhali hewa ina 40. Toa ile nusu lita ya chini ya begi. Loweka kitambaa ujifunge shingoni, fungua vifungo vya shati, punguza mwendo.

Alama bado zinahitajika. Kulilenga gari moja kwa moja kupita porini ni kukutana na miiba na makorongo ambayo njia iliyakwepa kwa sababu.

Ukifika, mjulishe yule mtu kabla hujavua viatu.

## Mambo yakiharibika

Uchovu wa joto. Jasho jingi, kichwa kizito, kichefuchefu, ngozi baridi yenye unyevu. Kivulini, miguu juu ya begi, maji yenye chumvi kidogokidogo. Akipata nafuu, mrudi kwa njia fupi kuliko zote. Safari ya kilele imekwisha kwa siku hiyo.

Kiharusi cha joto. Alama yake kuu ni akili: anachanganyikiwa, anagomba, anaongea ovyo, anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu au bado ina jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye. Hii ni dharura ya kufa na kupona. Ita msaada. Mpeleke kivulini, mlaze juu ya mabegi na si juu ya mchanga wa moto, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwilini na umpepee bila kukoma. Asiyejitambua asinyweshwe.

Kifundo kimeteguka. Usivue kiatu, mguu ukivimba hakirudi. Funga bandeji ya namba nane juu ya kiatu na kifundo. Akiweza kukanyaga hatua nne, mnaweza kujaribu kushuka taratibu kwa fimbo. Asipoweza, ita msaada.

Kuumwa na nyoka. Ondokeni alipo, vua pete na saa, tuliza kiungo kisisogee, mpelekeni hospitali bila kumkimbiza. Msikate, msinyonye, msifunge kamba, msiweke barafu. Msimsake nyoka.

Kupotea. Simama. Kunywa. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe hadi alama ya mwisho kama ni ndani ya dakika kumi. Ikishindikana, usishuke kwenye korongo ukidhani litakufikisha barabarani, maana makorongo ya jangwani huishia kwenye maporomoko makavu. Nenda mahali pa karibu penye kivuli na panapoonekana kutoka juu. Simu iweke hali ya ndege, uiwashe kila saa kwa dakika chache. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, hata kupitia mtandao usio wako. Puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Kwenye nchi za Amerika Kaskazini ishara inayozoeleka ni mara tatu. Kioo kielekeze jua kwenye upeo wa macho hata kama huoni mtu. Saa ya hatari uliyoiacha ikifika, mtu wako ataanza kupiga simu, na waokoaji wataanzia kwenye njia uliyomwandikia, usihame ulipo.